Nani Ashike Koleo

Jumatatu, Septemba 1

Zimebaki siku tano. Bibi anatimiza miaka sabini. Nimeanza daftari jipya ili mambo yaandikwe kwa utaratibu. Mwalimu wetu husema mpango usioandikwa ni ndoto ya mchana.

Bibi huhesabu siku yake kwa mwezi wa angani, si kwa kalenda ya shule. Ni siku ya kumi na saba ya mwezi wa saba, na mwaka huu imeangukia Jumatatu ijayo, Septemba 8. Jumatatu hakuna atakayetoka kazini mapema. Kwa hiyo tunasherehekea Jumamosi hii, tarehe sita. Kuwahisha siku ya mzee, ruhusa. Kuichelewesha, mwiko. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

Kazi ya kuweka meza nilipewa mimi. Mimi! Baba alisema eti sasa nina miaka kumi na mitatu, na mtu wa miaka kumi na mitatu anaweza kupiga simu. Nikampigia Mzee Tak, mwenye mgahawa wa nyama karibu na soko. Familia yetu inakula pale tangu Baba ana nywele. Nilisimama wima nikiongea, ingawa hakuniona. Watu sita, nikasema, Jumamosi, tarehe sita, saa kumi na mbili jioni, meza ya dirishani. Halafu, kwa kuwa ni siku ya mzee na sikutaka tuonekane watu wasiofunzwa, nikaongeza: kwa hesabu ya mwezi wa angani.

Mzee Tak akasema ngoja. Nikasikia kurasa zikifunuliwa. Akauliza kama nina hakika ni Jumamosi. Nikamwambia ndiyo, hakika kabisa, Jumamosi. Akasema haya binti, imeandikwa. Akasema watoto wa siku hizi wanaoujua mwezi ni wachache, wazazi wangu wamenilea vizuri.

Nilikata simu nikiwa na furaha ya siku mbili.

Lakini meza si jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni koleo.

Kwa Mzee Tak wateja huchoma nyama wenyewe mezani, na aliyeshika koleo la nyama ndiye mwenye karamu. Ndiye anayelaza nyama motoni, ndiye anayeigeuza, anaikata kwa mkasi, anaamua kipande kipi kiende kwa nani. Kwa miaka kumi na mitano koleo limekuwa mkononi mwa Baba Mdogo Pil-jae. Hakuna aliyemchagua. Hakuna anayemwondoa. Na tangu nipate akili nimeona jambo moja: Baba Mdogo humwekea Bibi kipande cha kwanza. Bibi hukifunga ndani ya jani la saladi, na kitunguu saumu na rojo la soya, halafu badala ya kula, hukitia kinywani mwa mtu mwingine. Fungua mdomo! Cha kwanza kwa Baba. Cha pili kwa Mama, ambaye hukataa mara mbili na kufungua mdomo mara ya tatu. Cha tatu kwangu. Karamu ikiisha Bibi amekula bakuli la tambi baridi, na anasema yeye si mpenzi sana wa nyama.

Si kweli. Sikukuu ya mavuno mwaka jana niliingia jikoni kwake kuchukua maji. Alikuwa amesimama kando ya sinki, mgongo kwangu, anakula nyama tuliyobakiza mezani. Imepoa, mafuta yameganda meupe. Alikula haraka, na kwa furaha. Nilirudi bila maji.

Kwa hiyo, azimio. Jumamosi koleo litakuwa mkononi mwangu. Bibi atakula vipande kumi, vya moto, akiwa ameketi. Nitavihesabu.

(Kama atapenda pia kusema mbele ya wote kwamba nyama ya Bo-ram ni tamu kuliko ya mtu yeyote, sitamzuia.)

Jumanne, Septemba 2

Mazoezi. Nilichukua koleo la Mama jikoni. Nikakata figili vipande vyembamba kama nyama, nikavipanga juu ya jalada la kitabu cha hisabati. Geuza. Subiri. Geuza. Mwalimu Ban wa sayansi kimu alitufundisha kwamba nyama hugeuzwa mara moja tu, ikishatoa jasho upande wa juu. Baba Mdogo huigeuza mara tisa. Nimehesabu. Huigeuza kama mtu anayetafuta ufunguo chini yake.

Vipande arobaini! Viwili tu viliangukia kitandani.

Mama akaita kutoka jikoni, koleo liko wapi, samaki anaungua. Nikasema sijui. Lilikuwa chini ya mto wangu. Mama akageuza samaki kwa vijiti, mafuta yakamrukia kidoleni. Nikaona aibu. Nikampelekea koleo, nikasema nimelikuta nyuma ya friji. Akalinusa. Akauliza tangu lini nyuma ya friji yetu pananuka figili.

Chakula cha jioni kilikuwa samaki mweusi na supu ya figili. Supu nyingi. Baba aliuliza kama kuna shamba tumerithi.

Jumatano, Septemba 3

Leo, mpango wa kumwondoa Baba Mdogo kwa heshima.

Tangu majira ya kuchipua analalamikia bega la kulia. Nilimwandikia barua kwa mwandiko wangu bora. Aya ya kwanza, salamu. Aya ya pili, bega. Aya ya tatu, pendekezo: kwa kuwa kuchoma nyama ya watu sita ni kazi nzito, na kwa kuwa wapo vijana wenye mabega mazima, huenda wakati umefika wa kupumzika kwa fahari. Nilisoma mara tatu kutafuta makosa. Hapakuwa na hata moja.

Baada ya masomo nikampelekea dukani kwake, anakouza miwani. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Machozi yakamlengalenga! Akasema katika ukoo huu mzima hakuna aliyewahi kuuliza habari za bega lake, hata mke wake, naye ni muuguzi. (Mama Mdogo ana zamu hospitalini Jumamosi, ndiyo maana tuko sita.) Akanipa kitambaa cha kufutia miwani, ingawa sivai miwani.

Nikauliza kwa adabu: basi, koleo?

Akavuta pumzi ndefu. Akasema kweli, wakati umefika. Kizazi kipya kichukue. Moyo wangu ukaruka! Halafu akasema, kwa kufuata umri basi, na mjukuu mkubwa ni Na-gyeong.

Na-gyeong ni binti yake. Ananizidi miezi miwili. Miwili! Tuko darasa moja, tunakaa madawati yanayofuatana, na kwa adabu za kwetu ninapaswa kumwita Dada. Nyumbani namwita. Shuleni simwiti chochote. Nakohoa tu, naye hugeuka.

Kwa Jumamosi ameshapewa kazi ya keki. Ameshapewa wimbo. Koleo hakuliomba wala kuliota. Alikuwa nyuma ya kaunta akila mkate, rola ya nywele kwenye paji la uso kama kawaida yake, akainua kichwa na kusema, "Mimi? Haya, sawa."

Haya, sawa! Ndivyo watu wanavyorithi falme.

Alhamisi, Septemba 4

Na-gyeong anajali kitu kimoja duniani: nywele zake za mbele. Anazisokota kwa rola asubuhi, anaivaa rola barabarani, anaivua mlangoni mwa darasa. Mvua ikinyesha huzifunika kwa mikono miwili na kuacha mkoba ulowe.

Nikaanza kwa mbali. Nikasema nimesoma mahali kwamba moshi wa mafuta ya nyama hulegeza nywele za mbele kwa muda wa siku nne, na Jumanne kuna picha ya darasa. Kusoma sikusoma. Lakini inaweza kuwa kweli.

Akanitazama. Akasema basi atavaa rola mpaka nyama iishe, na kofia juu yake. Nikasema kofia mbele ya mzee ni utovu wa adabu. Akasema rola bila kofia je? Nikasema sijui, sheria hazijafika huko.

Akacheka. Ana kicheko kizuri, kinachoudhi. "We Bo-ram, unalitaka koleo, siyo? Si useme tu!"

Nikasema labda. Akasema atanipa. Bure? Akasema hapana, kesho, siku nzima, mbele ya darasa lote, nimwite Dada. Kwa sauti inayosikika. Kila ninaposema naye.

Nikaomba muda wa kufikiri. Akanipa hadi kengele ya kipindi kinachofuata. Nilimfikiria Bibi kando ya sinki. Nikanyoosha kidole kidogo, tukafungamanisha vidole, tukapiga muhuri kwa vidole gumba. Mkataba.

Ijumaa, Septemba 5

Mara ishirini na sita.

"Dada, naomba rula." Darasa likageuka. "Dada, umeangusha kalamu." Wakaanza kucheka. Na-gyeong aliangusha kalamu ile mara saba! Saa ya chakula aliniambia nimkaribishe kama mdogo anavyomkaribisha mkubwa. Nikamkaribisha. Mpishi wa shule akaguswa, akaniongezea kipande cha yai, akasema nyumba yetu ina malezi. Kipindi cha mwisho darasa zima lilikuwa linamwita Na-gyeong Dada, pamoja na Mwalimu Ban, aliyejisahau.

Nilivumilia. Masikio yangu yalikuwa na moto wa kutosha kuchomea nyama.

 Tukirudi nyumbani Na-gyeong akauliza, kwa nini hasa nalitaka koleo. Sikutaka kusema. Nikasema. Sinki, mgongo, mafuta meupe.  Akasema na yeye alimwona, mwaka juzi. Bibi alikuwa anaosha vyombo na kula pindo za nyama zilizoungua kutoka bakuli langu. Langu mimi! Mimi hubakiza pindo kila mara.

Akasema, "Basi ukichoma, choma vizuri."

Nikamwita Dada mara ya ishirini na saba. Hiyo haikuwa kwenye mkataba.

Jioni Mama ameuliza kama nimempigia Mzee Tak kuthibitisha. Nimesema hapana. Mtu mzima aliyeandika neno lako kitabuni, kumpigia tena ni kumtukana. Mama akasema kuthibitisha hakumtukani mtu. Nikasema yeye hakumsikia alivyonisifu.

Koleo la Mama nimeliosha mara mbili na kulifunga ndani ya taulo, liko mkobani. Vipande kumi. Vya moto. Ameketi.

Jumamosi, Septemba 6

Naandika nikiwa bado nanuka moshi. Nitaeleza kwa utaratibu, ingawa siku yenyewe haikuwa nao.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano tulikuwa mlangoni kwa Mzee Tak. Bibi katika koti lake la hariri la zambarau. Baba na Baba Mdogo wamechana nywele, yaani Baba Mdogo. Mama ana maua. Na-gyeong ana keki na hana rola. Mimi nilikuwa mbele, kwa kuwa meza ni yangu.

Mgahawa ulijaa pomoni. Wafanyakazi wa kampuni moja walikuwa wameshika meza zote, wanagonganisha glasi, mkubwa wao anatoa hotuba. Pale dirishani pangu alikaa mwanamume mnene aliyejifunga tai yake kichwani.

Mzee Tak akaja kwa furaha. Akamwinamia Bibi, akauliza kama tumepita tu kumsalimu. Nikasonga mbele nikasema: familia ya Pyo, watu sita, meza ya dirishani. Akafungua kitabu chake. Akatikisa kichwa. Kisha akanipeleka hadi kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye tarakimu kubwa za kawaida na tarakimu ndogo za mwezi chini yake. Kidole chake kikatua kwenye sita ndogo. Juu yake palikuwa na tarakimu kubwa.

Ishirini na saba.

Septemba 27. Jumamosi pia!

Sita ya mwezi wa angani ni wiki tatu mbele. Nilijua kwamba hesabu hizo mbili haziendi pamoja. Nilijua kabisa! Sikuwa tu nimefikiria kwamba na tarehe sita nayo ingehama.

Wote wakanitazama. Mzee Tak akamwomba Baba radhi. Baba akamwomba Mzee Tak radhi. Wakainamiana. Ikawa ni kuinamiana tu kwa muda, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Baba Mdogo akapendekeza basi tufanye wiki ijayo. Mama akamvuta mkono wa shati. Kuchelewesha? Siku ya miaka sabini? Unataka kumfupishia mzee maisha? Baba Mdogo akasema aa, ametania. Akapiga simu sehemu tatu. Mbili zimejaa. Ya tatu wana nafasi ya watu wawili, tena karibu na choo.

  Nilitaka kuomba radhi, koo likatoa kikohozi tu. Na-gyeong akageuka, kwa mazoea.

Ndipo Bibi akauliza kwani kuna nini, kuna mtu amekufa? Akaambiwa hapana. Akauliza kama nyama imekwisha mjini. Akaambiwa hapana. "Basi mnalia nini? Tak! Tukatie nyama mbichi tukale kwangu."

Mzee Tak akatukatia kilo tatu za nyama ya nguruwe ya tumboni, akatupa bure mfuko wa majani ya saladi na vitunguu vya majani. Hakunisifu chochote.

Nyumba ya Bibi iko nyuma ya soko. Ina paa bapa la saruji, na huko juu anaweka mitungi yake ya sosi ya soya na kuanika pilipili. Tukapanda na mikeka. Bibi akawatuma wanawe wawili stoo wakalete mfuniko wa chungu cha chuma, kile kikubwa alichokuja nacho alipoolewa. Chungu chenyewe kilipasuka zamani. Mfuniko wake ni mzito kama mlango. Wakaupandisha ngazi wakigombana nani amebeba upande mzito. Baba Mdogo akataja bega. Baba akasema bega gani, hajawahi kusikia habari za bega! Baba Mdogo akanitazama kwa huzuni, kama mimi tu ndiye ninayemwelewa.

Mfuniko ukawekwa chali juu ya matofali, makaa chini yake. Ukaanza kutoa joto.

Saa yangu! Nikafungua mkoba, nikakunjua taulo, nikatoa koleo. Nikapiga magoti mbele ya Bibi nikasema naomba leo nikuchomee mimi. Na-gyeong akasema ndiyo, ni zamu ya Bo-ram, yeye amekubali. Baba Mdogo akasema na yeye amekubali, kwa sababu za kiafya. Baba akafikiri. Baba akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Hata Baba!

Bibi akanyoosha mkono. Nikadhani ananibariki, nikainamisha kichwa.

Akachukua koleo.

Akasema mfuniko ni wake, paa ni lake, na siku ni yake. Nikasema lakini Bibi, wewe keti. Akasema ameketi miaka kumi na mitano, makalio yamechoka.

Nani ambishie mtu wa miaka sabini? Nikakaa kwenye mkeka karibu na mitungi. Nikatoa karatasi niliyoipigia mistari jana: vipande kumi, visanduku kumi vya kuweka alama.

Akatumbukiza nyama katika maji ya sosi ya soya, kama tunavyofanya mji huu, akailaza. Chuma kikaimba. Hakugusa. Baba Mdogo mikono ikamwasha, akanong'ona geuza, geuza, inaungua. Bibi akamwambia atulie, hiyo ni nyama, si mkeka wa kukung'uta. Ilipotoa jasho juu akaigeuza. Mara moja tu! Mwalimu Ban angelia. Akakata kwa mkasi, kacha kacha kacha.

Kisha akachagua kipande cha katikati, kile chenye rangi ya kahawia iliyoiva na pindo zinazotatarika. Akakipuliza mara mbili. Akala, amesimama.

"Naonja tu," akasema. Huwezi kulisha watu nyama mbichi.

Akatugawia. Ilikuwa tamu, naandika ukweli. Mkupuo wa pili, akachagua tena cha katikati. Anaonja tu. Wa tatu, anaonja tu, safari hii viwili, maana makaa upande mmoja yamepungua, hana imani nao. Mama akamwambia Bibi kwamba hajala. Bibi akajibu huku anatafuna kwamba atakula baadaye.

Baba Mdogo alikuwa ameketi mikono mapajani kama mgeni. Alikipokea kipande chake, akakitazama, akasema hakuwa anajua nyama hupoa hivi ikifika mwisho wa mkeka.

Mwezi ukatoka nyuma ya soko. Mkubwa, wa mviringo kamili. Bibi akauonyesha kwa koleo, akasema haya, leo ni kumi na tano, nani anataka kalenda? Wakacheka wote, na Baba akacheka. Mafuta yalikuwa yanang'aa kidevuni kwa Bibi. Hakuyafuta.

Mimi nilitazama karatasi yangu. Visanduku vyote vitupu. Na-gyeong akaniinamia akanong'ona kwamba yeye amehesabu, Bibi ameshakula kumi na kimoja, vyote vya moto. Nikamwambia kuonja si kula. Tena hajaketi. Tena sikumpa mimi. Akanitazama kama mtu anayemtazama kuku akisoma gazeti.

Nadhani Bibi aliona uso wangu. Aliniita karibu, akanifungia tonge kubwa la nyama na vitunguu ndani ya majani mawili. Akaniambia polepole, "Mjukuu wangu, mshika koleo hajawahi kulala njaa. Unadhani kwa nini baba yako mdogo hakuliachia miaka yote hii?" Baba Mdogo akakohoa, akaanza kuhesabu mitungi. Nilitaka kuuliza maana yake nini. Lakini akasema fungua mdomo, na tonge likaingia, na kwa muda mrefu sikuweza kuuliza kitu.

Halafu keki. Mishumaa saba, mmoja kwa kila miaka kumi. Na-gyeong aliimba vizuri, na hakuna chembe ya moshi iliyogusa nywele zake, maana upepo wote ulikuwa unakuja kwangu.

Tukishuka ngazi Baba akaweka mkono kichwani kwangu. Akasema angalau mwezi haukukosea siku.

Jumatatu, Septemba 8

Leo ndiyo siku yenyewe ya Bibi. Kabla ya shule nilipita kwake kunywa naye supu ya mwani, ile ya siku ya kuzaliwa. Nikamwomba radhi rasmi, kwa maneno niliyoyaandaa tangu jana. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema tangu Babu afariki hajala nyama tamu kama ile, na aliyepanga iliwe kwenye paa ana akili. Nikamwambia halikuwa wazo la mtu, lilikuwa kosa. Akasema basi nikikosea tena nimwite.

Bibi ana moyo mzuri. Anajaribu kunifariji.

Tathmini. Vipande nilivyompa Bibi, vya moto, akiwa ameketi: sifuri kati ya kumi. Nimekaa na jambo hili kwa utulivu, kama tulivyofundishwa, nikatafuta chanzo. Nimekipata. Mazoezi hayakutosha. Na koleo nililitoa mkobani mapema mno, likaonekana.

Lakini kuna matumaini. Siku ya kuzaliwa ya Baba ni Novemba 22, Jumamosi, na Bibi atakuja. Nimeanza tena mazoezi leo. Mama ameficha figili, natumia karoti.

Baba ameniambia nimpigie Mzee Tak nifute meza ya Septemba 27. Nimepiga. Nilisimama wima. Nimeifuta, na papo hapo nikaweka nyingine: watu saba, pamoja na Mama Mdogo, tarehe ishirini na mbili, saa kumi na mbili jioni, dirishani. Mzee Tak akauliza taratibu sana, akilitenga kila neno, kwa hesabu ipi.

Swali hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Nikamwambia, ili safari hii pasiwe na kosa lolote, aandike kwa zote mbili.

Akasema ngoja, kama mara ya kwanza. Nikasikia kurasa zikifunuliwa. Nadhani alikuwa anastaajabia tena nilivyolelewa.